Mshenga Aliyekataa Ugali

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa baiolojia mwenye kitambi. Kilinitangulia kuingia darasani, kikagusa ubao kabla ya chaki, na mwanafunzi aliyetaka kujua mafuta ya ziada mwilini hukaa wapi sikuwa na haja ya kumchorea. Mke wangu alikuwa akikisifu. Kwetu Kagera mume mwenye tumbo ni ushahidi kwamba nyumbani kwake kunapikwa, na mke wangu hakuona sababu ya kuficha ushahidi. Asiyekisifu alikuwa daktari peke yake. Alinipaka ile jeli ya baridi, akapitisha kifaa chake ubavuni, akaniambia ini langu limeanza kujaa mafuta. Kisha akauliza kama nafanya mazoezi. Nikamwambia huwa nafundisha nikiwa nimesimama. Hakucheka.

Ndipo nikaanza kufunga. Sisemi ile funga ya Kwaresima, ambayo nimeshindwa nayo kila mwaka kwa heshima zote. Hii ilikuwa funga ya saa. Nilikula kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, basi. Nje ya hapo ni maji, au chai ya rangi isiyotiwa sukari, kinywaji ambacho simtakii hata mkaguzi wa elimu.

Mtu mwingine angefunga akanyamaza. Lakini mimi ni Mhaya, tena nimesoma. Wenzetu hapa Mwanza wanatuita nshomile, wakimaanisha watu wasioweza kukaa na elimu yao kimya, na kila wanaponiita hivyo huwa nawakatalia kwa hoja ndefu zenye vipengele. Kwa hiyo chai ya saa nne ilipoletwa ofisini kwetu pamoja na chapati, wenzangu walikula na mimi nikahutubia.

Niliwaeleza kwamba mtu akikaa bila kula muda wa kutosha, insulini hushuka, ini humaliza akiba yake ya sukari, na mwili hugeukia mafuta. Niliwaeleza kwamba huko ndani ya seli jeni hazibadiliki, ni zilezile ulizorithi kwa baba na mama, ila kinachobadilika ni zipi zinasomwa. Mfano wangu ulikuwa maktaba ya shule yetu. Vitabu vyote vimo kabatini, lakini vinavyoazimwa ni vichache. Ukishinda unakula tangu alfajiri hadi unapolala, mwili unaazima kila siku kile kitabu cha kuweka akiba. Ukifunga, unakirudisha, unachukua cha kuchoma mafuta. Mwalimu wa hesabu, akiwa amekunja chapati mkononi, aliuliza kama hayo yamethibitishwa kwa binadamu. Ilibidi nikiri kwamba mengi yamechunguzwa kwa panya, na kwamba kwa watu wataalamu bado wanabishana kama faida inatokana na hizo saa au ni kwa sababu mtu anakula kidogo tu. Akatafuna, akameza, akasema, "Basi wewe ndiye panya wetu." Ofisi nzima ikanipigia makofi, na tangu siku hiyo chai ikiletwa huwa wananibakizia maji.

Kilichoniharibu ni kwamba kitambi kilipungua kweli. Fundi nguo, jirani yetu pale Nyakato, alipunguza kiuno cha suruali zangu zote, na mimi nikaanza kutembea nikiwa nimechomekea shati hata siku za Jumapili jioni. Mtu aliyefanikiwa jambo moja dogo mwilini mwake hana tena sikio la kusikia. Nilikuwa nikiwaangalia watu wanaokula vitumbua asubuhi kwa huruma ya mchungaji.

Sasa, nina mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Anatengeneza injini za mitumbwi Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na alikuwa anakaribia miaka arobaini bila mke. Mara mbili alichumbia, mara mbili ikavunjika, mpaka mama akaacha kuuliza, na mama yetu si mtu wa kuacha kuuliza. Halafu akampata mwanamke mmoja wa upande wa Sengerema aliyekuwa akija Mwaloni kununua dagaa na samaki wa kwenda kuuza kwao. Siku moja mdogo wangu alikuja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akasema, "Kaka, huyu nikimkosa sitafuti mwingine." Si mtu wa maneno. Alisema hilo tu, akainuka, akaenda kutengeneza bomba la jikoni ambalo mimi na elimu yangu tulikuwa tumelifunga kwa kitambaa.

Baba yetu ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo mshenga nikawa mimi, nikifuatana na baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Tulivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga mara kadhaa. Mambo ya ng'ombe yalizungumzwa yakaisha. Baba wa binti alikuwa Msukuma mrefu, mkulima, mwenye sauti ya chini, na kila alilolisema alilisema mara moja. Aliyesema zaidi ya mara moja alikuwa dada yake mkubwa, shangazi wa binti, aliyeketi siku zote kwenye mkeka karibu na mlango kama vile kuna mtu angetoroka. Kilichobaki kilikuwa kikao cha mwisho. Katika nyumba ile utaratibu ulikuwa maneno kwanza, chakula mwisho, na chakula ndicho muhuri. Mkishakula pamoja, binti ni wenu.

Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba tutakula saa kumi. Sikuwa nimemhesabu shangazi. Alitaka kujua kama Wahaya tunapika ndizi kila siku au tunapumzika. Alitaka kujua kama binti yao ataachiwa biashara yake ya samaki, na mimi nilipojibu ndiyo akataka nijibu tena, taratibu, huku nikimwangalia. Jua likateremka. Saa kumi na mbili simu yangu ikalia mfukoni kengele ndogo ya kunijulisha kwamba muda wa kula umefungwa. Baba mdogo akanitazama akidhani nimepigiwa na mtu. Nikaizima, nikajiona mtu mwenye msimamo.

Chakula kikaja baada ya hapo. Tulinawishwa mikono. Ugali wa muhogo ulifukiza mvuke usoni mwetu, na kuku wa kienyeji alikuwa amechinjwa kwa ajili yetu, tulimsikia mchana akipinga. Mzee akamega tonge la kwanza, akachovya, akala. Ndivyo wafanyavyo watu wengi wa huku: mwenyeji hutangulia ili mgeni aone kwamba chakula ni salama. Kisha akanisogezea sinia, akasema, "Karibu, mwalimu."

Nikasema, "Asanteni sana, wazee wangu. Saa yangu ya kula imepita."

Ningeishia hapo, labda wangedhani naumwa tumbo, wakanipa pole na yakaisha. Lakini mdomo huponza kichwa. Niliona nyuso zinasubiri, na mimi nikiona nyuso zinasubiri huwa nafundisha. Nikawaeleza habari za insulini. Nikawaeleza habari za ini. Nikafika kwenye jeni, nikawapa na mfano wa maktaba, nikaonyesha kwa mikono jinsi kitabu kimoja kinavyorudishwa na kingine kinavyochukuliwa. Ugali ukaanza kuota ngozi.

Shangazi aliniacha nimalize. Halafu akauliza kwa upole, "Kwa hiyo, mwalimu, chakula chetu kitaziharibu hizo jeni zako?"

"Si chakula chenu, shangazi. Chakula chochote."

"Tumekuelewa," akasema.

Alikuwa amenielewa kweli, kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Mgeni anayekataa chakula ambacho mwenyeji ameshakionja amesema neno moja tu, hata akilisema kwa Kilatini: nawaogopa, mtaniwekea kitu. Nimeishi Mwanza zaidi ya nusu ya maisha yangu, nalijua hilo kama ninavyojua njia ya kwangu. Shida ni kwamba nilikuwa najua na habari za jeni, na hiyo ndiyo elimu niliyokuja nayo mdomoni. Baba mdogo alikuwa akinipiga teke chini ya meza huku akila kwa niaba yetu sote wawili, lakini hakuna mtu aliyemtazama. Sahani yangu ilifunikwa kwa bakuli, ikarudishwa jikoni kama ilivyokuja. Mzee akanawa, akasema, "Sawa. Tutawatumia neno."

Tulipanda kivuko. Mdogo wangu alikuwa anatusubiri upande wa mjini, amevaa shati safi ingawa hakuna aliyekuwa amemwalika popote. Nilijiandaa aniulize wamesemaje. Hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Mmekula?"

Baba mdogo akamjibu, "Mimi nimekula."

Mdogo wangu akampokea baba mdogo mkoba wake, wakatangulia. Mimi nilifuata nyuma na kiuno changu kipya.

Neno lilikuja kupitia simu ya shangazi. Walisema hawana ubaya na sisi, ila hawawezi kumpeleka binti yao kwenye nyumba ambayo watu wake wanaogopa kula kwao, kwa sababu kesho akipika yeye nani atakula? Mdogo wangu aliacha kuja nyumbani. Nilimfuata Kirumba, nikamkuta ameinamia injini, akaniamkia shikamoo ipasavyo, akajibu maswali yote ipasavyo, na ndani ya majibu hayo hapakuwa na mtu. Niliporudi nyumbani nikajaribu kumweleza mke wangu kwamba wale watu hawakuelewa upande wa kisayansi. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Hizo jeni zako ndizo zitamzalia mdogo wako watoto?" Niliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya kutaniwa ofisini. Mdogo wangu aliniomba kitu kimoja tangu tuzaliwe, na kitu chenyewe kilikuwa kwenda kula kuku.

Siku ile nilikula saa mbili usiku, kwa hasira. Haikusaidia mtu yeyote.

Aliyetuokoa ni baba mdogo. Alipiga simu akapiga tena, akasema mimi nina matatizo tangu utotoni, nilisoma nikapitiliza, na kwa mara ya kwanza maishani sikumkatalia mtu aliyesema hivyo. Mwishowe wakakubali. Hawakutaka mbuzi wala kitenge cha shangazi. Faini yangu ilikuwa nirudi nile. Shangazi ndiye aliyepanga saa: tufike saa tatu asubuhi. Alikuwa ameusikiliza mhadhara wangu vizuri kuliko wanafunzi wangu, maana alichagua ndani kabisa ya saa zangu za kufunga.

Tukavuka asubuhi. Kwenye kivuko mama mmoja alikuwa anauza maandazi ya moto, na kila abiria aliyekaa karibu nami alinunua. Mimi nilikuwa nimekuja na mpango. Nitakula, lakini tonge dogo, nitalitafuna polepole, nitaomba mboga zaidi kuliko ugali, na insulini yangu haitashtuka sana. Ndiyo, hata asubuhi ile, ndoa ya mdogo wangu ikiwa imening'inia kwenye mdomo wangu, nilikuwa bado najadiliana na ini.

Tulipofika nilimwamkia shangazi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa matamshi ya Kihaya. Akaitikia bila kucheka, na hilo lilinitia hofu zaidi. Mzee nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatuonyesha viti. Mwanga wa asubuhi ulimwonyesha tofauti na jioni ile. Alikuwa amekonda shingoni, na mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Mimi mtaalamu wa mafuta ya mwili nilikaa mbele yake vikao vyote vile nisione.

Chakula kikaletwa. Walikuwa wameniandalia kweli: ugali wa muhogo, mlenda, na sato mzima aliyechemshwa na nyanya. Tukanawa. Nilimsubiri mzee amege, kama ada. Hakumega. Alimwita binti yake.

Binti akaja na chupa pana ya kuhifadhia barafu, ile ya kuning'iniza begani. Ni yuleyule ambaye kwa ajili yake tulikuwa tumevuka ziwa mara zote hizo, na mpaka siku hiyo hakuwa ameniambia chochote zaidi ya shikamoo, mwalimu. Alipiga magoti kando ya baba yake, akatoa kichupa kidogo cha dawa na bomba la sindano lenye sindano nyembamba, akaanza kuvuta dawa huku ameinua mikono usawa wa macho. Mzee alikuwa ameshapandisha shati ubavuni.

"Mzee, unaumwa?" nikauliza.

"Sukari," akasema. "Ni ya siku nyingi. Daktari amenipangia saa zangu. Nakula alfajiri na sindano yangu, nakula jioni na sindano yangu. Hapa katikati haniruhusu chakula kizito kama hiki."

"Sasa hii sindano?"

"Hii ya kuniombea msamaha." Akatabasamu kidogo. "Siku nyingine inakubali, siku nyingine inanilaza. Watanimiminia soda mdomoni, nitaamka."

Nikamwambia basi asile. Nilisema haraka, kama mtoto.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, nisipomega mimi, wewe utamega vipi? Siku ile nilimega na ukaogopa. Leo nisipomega kabisa, utasemaje kwenu?"

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anataka niondoke pale nikiwa na amani. Nilimtazama shangazi, na nikaona kwamba na yeye alikuwa ameacha kuwa na hasira na mimi na alikuwa anaitazama ile sindano. Saa aliyoipanga ili kunikomesha mimi ilikuwa imemwangukia mdogo wake mwenyewe. Mimi nilifunga ili suruali inikae vizuri na walimu wenzangu wanisikilize. Huyu saa zake za kula zilikuwa za kumweka hai, na alikuwa tayari kuzivunja kwa ajili ya mtu aliyemkatalia ugali. Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na maktaba yangu.

Nilinyoosha mkono nikamega. Sikumega lile tonge dogo la mpango wangu. Nilimega tonge la mtu aliyetoka kulima.

"Mwalimu," shangazi akasema, "mwenyeji hajamega."

"Nimeona, shangazi."

Nikachovya kwenye mchuzi wa sato, nikala. Chumba kizima kilinisikiliza nikitafuna. Baba mdogo, ambaye amenijua tangu nabebwa mgongoni, alikuwa ameacha mdomo wazi. Nikamega la pili, kwa sababu la kwanza mtu anaweza kulimeza kwa ujasiri, na nilitaka waone kwamba ni kwa njaa. Nilipomaliza kumeza nikasema, "Mzee, hiyo sindano irudi. Sisi hatuna haraka. Saa yako ikifika tutakula tena pamoja."

Mzee aliangalia shati lake lililopandishwa. Kisha akalishusha polepole, akalinyoosha kwa viganja. Shangazi aliinuka kwenye mkeka wake wa mlangoni, akaja mpaka mezani, akanisogezea bakuli la mlenda.

Binti alikuwa bado ameshika bomba la sindano. Alimwangalia baba yake mpaka akahakikisha. Akalifunika, akalirudisha kwenye barafu pamoja na dawa, akafunga kifuniko. Aliposimama aliona mkono wangu umefika mgongoni kwa samaki.

"Kula taratibu, shemeji," akasema. "Sato ana miiba."